Sauti Isiyopiga Hodi

Injini yenyewe inaingia kwenye mkoba wa shule. Uzito wake ni kilo moja na kidogo, na ukiishika ikiwa imezimwa unaweza kuidhania tochi kubwa ya mlinzi wa usiku. Ikiwaka, gurudumu lake la ndani huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, gesi inayotoka nyuma huwa na joto la mamia ya nyuzi, na msukumo wake unatosha kuinua mzigo wa kilo kumi. Inakunywa mafuta ya taa. Ni yaleyale tuliyosomea usiku kwenye koroboi, yakichanganywa na oili kidogo, kama asilimia tano, ili beringi zisiungue. Chupa ya lita moja, ambayo zamani ingewasha kibatari cha nyumba kwa siku nyingi, injini hii ikifunguliwa moto wote huimaliza kwa dakika tatu hivi.

Hii ni turbini, injini ya jeti kwa maana kamili ya neno. Ina kompresa ya kusukuma hewa ndani, ina chumba cha kuchomea mafuta, ina gurudumu la nyuma linalozungushwa na gesi ya moto ili nalo liizungushe kompresa. Imepunguzwa ukubwa tu. Unaifunga ndani ya ndege ya mfano yenye mabawa ya mita mbili, unasimama uwanjani na rimoti mikononi, na kitu ulichokigundisha kwa gundi mezani kinapita mbele yako kwa kilomita 300 kwa saa. Mwaka 2017 Mjerumani Niels Herbrich alifikisha ndege ya namna hii kilomita 749 kwa saa, mwendo unaokaribia ule wa ndege za abiria angani.

Mimi ni mzaliwa wa Isingiro, wilayani Kyerwa. Nilijifunza kazi hii Ujerumani nilipokuwa nasoma uhandisi, katika chama cha wazee wastaafu waliokuwa wakikutana Jumamosi kwenye uwanja wa majani uliozungukwa na mashamba ya ngano. Jeti yangu niliijenga kwa majira mawili ya baridi. Niliporudi nyumbani nilirudi nayo, ikiwa vipandevipande ndani ya sanduku. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza swali moja ambalo mwanzo nililiona dogo: je, ni haki kuirusha hapa?

Swali la kwanza nililoulizwa na watu wengine lilikuwa la pesa. Kijana amesoma mpaka Ulaya, amerudi na mdoli wa bei ya ng'ombe kadhaa. Swali hilo ni halali, lakini nadhani lina jibu. Hakuna mtoto aliyekulia Karagwe au Kyerwa ambaye hakutengeneza gari la mabua, mpira wa majani makavu ya migomba, au ndege ya kijiti yenye propela ya jani iliyozunguka ukikimbia nayo. Hatukuulizwa vina faida gani. Watu wazima nao hawaulizwi kahawa ikishauzwa na fedha ikaenda kwenye harusi, ngoma na jezi za timu. Binadamu huchuma ili aishi, na katika kuishi kwake mna mambo anayoyafanya kwa kuyapenda tu. Anayedai kila shilingi iwe na faida hajayatazama maisha yake mwenyewe vizuri.

Kuna rafiki zangu waliotaka kunitetea kwa njia nyingine. Walisema: waambie watu ni teknolojia, waambie Rwanda, jirani zetu wa ng'ambo ya mto, tangu 2016 wanapeleka damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani, waambie mwaka 2018 dawa zilirushwa kwa majaribio kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 hivi juu ya ziwa, kwa dakika 40. Yote hayo ni kweli. Lakini ndege zile zinatumia betri, na ziliundwa na watu waliotaka kufikisha damu na dawa. Jeti yangu haitafikisha hata panadoli. Mtu anayependa kitu kwa ajili ya kitu chenyewe kisha akajificha nyuma ya wagonjwa ana kesi mbili badala ya moja. Kwa hiyo utetezi huo nimeuacha. Ni mchezo, na mchezo una haki yake.

Kilichonishinda ni sauti.

Turbini haina muungurumo wa pikipiki. Inaanza na mluzi mwembamba, kama filimbi inayopulizwa mbali. Mluzi unapanda, unakaza, halafu ndege ikikupita mluzi unageuka kuwa mpasuko mrefu wa hewa unaobaki nyuma yake. Wapenzi wa mchezo huu watakwambia kuwa nusu ya raha imo katika sauti hiyo. Ndege ya mfano yenye feni ya betri ni nafuu, ni safi, na haina hatari ya moto, lakini wengi wanaiacha kwa sababu haitoi sauti ile. Tunataka ilie kama ya kweli. Hilo neno, ya kweli, ndilo lililonisumbua nilipofika nyumbani, kwa sababu katika mkoa wangu wapo watu walioisikia ya kweli.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuiteka ardhi yote iliyo kaskazini mwa Mto Kagera. Ndege zake za kivita aina ya MiG ziliingia angani mwetu na kudondosha mabomu, Bukoba ikiwamo. Daraja la Kyaka lilivunjwa tarehe 3 Novemba. Maelfu ya watu walikimbia, wengi kwa miguu, na wengi hawakukuta kitu waliporudi baada ya majeshi yetu kuwafukuza wavamizi. Kampala ilianguka Aprili 1979, na katika vitabu vya shule habari inaishia hapo, kwa ushindi. Katika masikio ya watu haikuishia hapo.

Kitongojini kwetu kuna bibi aliyeolewa huku akitokea upande wa Kyaka. Mwaka ule alikuwa msichana. Kwa miaka yote niliyomfahamu hakuwahi kunisimulia vita, wala mimi sikuwahi kumuuliza. Nilichojua ni kwamba ndege ya juu sana ikipita, ile inayoacha mstari mweupe tu, yeye husimamisha jembe na kungoja hadi iishe. Nilipoanza kuzunguka kwa majirani kueleza nia yangu, kwake nilifika nikiwa na simu yenye video. Nilimwamkia, nikaketi, nikamwonyesha. Aliitazama picha bila wasiwasi wowote. Halafu nikaongeza sauti.

"Zima, mwanangu," alisema. Hakupaza sauti. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Waswahili husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo ni ule ukuti mwembamba wa kusukia mikeka na vikapu. Methali hii huwa tunaisema kwa namna ya kumcheka kidogo aliyeshtuka: ona, ameogopa ukuti. Lakini nikiitafakari naona haimcheki. Inasema tu jambo lilivyo. Aliyeumwa hushtuka; mwili wake umejifunza kwa gharama kubwa, na hauwezi kuamriwa usahau kila anapopita msusi. Methali inatuachia sisi swali ambalo haikulijibu: yule aliyebeba ung'ongo ana wajibu gani?

Jibu moja ni kwamba hana wajibu wowote. Ung'ongo si nyoka. Mikeka lazima isukwe. Ukianza kumzuia kila mtu kubeba kila kinachofanana na kilichowahi kumuumiza mwingine, hakuna kitakachobebwa. Kuna anayeumia akisikia ngoma kwa sababu mtoto wake alifariki siku ya harusi, na kuna wanaolitazama anga kwa hofu tangu asubuhi ya 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoangukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba na watu 19 kati ya 43 wakafariki. Hatukufunga uwanja kwa sababu hiyo, wala hatukupaswa.

Jibu hili lina nguvu, lakini nadhani linateleza mahali pamoja. Msusi anahitaji ung'ongo ili asuke, na mkeka hauhitaji kufanana na nyoka. Ungeweza kusukwa kwa kitu kingine na ukabaki mkeka. Jeti yangu ni kinyume chake. Kufanana ndiyo bidhaa. Mfano wa MiG, mfano wa F-16, mfano wa Hawk: nenda kwenye uwanja wowote wa mchezo huu Ulaya au Marekani utaona kwamba nyingi ni ndege za kivita, zimepakwa rangi mpaka kwenye alama za kikosi na maandishi madogo ya tahadhari ubavuni. Yangu haina alama ya jeshi lolote, niliipaka nyeupe na buluu, lakini sauti haipakwi rangi. Siwezi kusema kufanana ni bahati mbaya wakati kufanana ndiko nilikokutafuta.

Jibu la pili lilitoka kwa vijana wenzangu, nalo ni zuri zaidi. Walisema watoto wa Isingiro wa leo wana haki ya kuisikia sauti hiyo ikiwa na maana nyingine. Kama sauti ya jeti itabaki mali ya 1978 milele, basi Amin ameshinda kitu ambacho jeshi lake halikushinda. Mtoto aone jeti ikitengenezwa na mtu anayemjua, aulize hewa inaingia wapi na inatokea wapi, aone kwamba sisi kwenye mwinuko huu wa mita 1,500 hivi tunapoteza sehemu ya msukumo kwa sababu hewa ni nyepesi, apige hesabu yake. Huo ni uponyaji, walisema.

Nakubaliana na karibu yote. Mjerumani mmoja, Kurt Schreckling, aliwahi kuonyesha kwamba turbini ya mfano inaweza kujengwa nyumbani: gurudumu la kompresa alilichonga kwa plaiwudi na kulifunga kwa nyuzi za kaboni, la nyuma akalikata kwenye bamba la chuma. Michoro yake aliichapisha ili mtu yeyote mwenye subira ajaribu. Hakukuwa na jeshi nyuma yake. Nikimfikiria yeye naamini kwamba chombo kinaweza kuokolewa kutoka kwenye historia yake. Na historia yenyewe si nyepesi: jeti ya kwanza duniani, Heinkel He 178, iliruka 27 Agosti 1939, na siku tano baadaye Ujerumani ikaivamia Poland. Mchezo nao umewahi kwenda vitani. Mwigizaji wa Hollywood Reginald Denny alianza na duka la ndege za kuchezea katika miaka ya 1930, na kampuni iliyotokana nalo ikaliuzia jeshi la Marekani maelfu ya ndege za rimoti za kufundishia wapiga mizinga. Leo nchini Ukraine vifaa vilivyoundwa kwa ajili ya mashindano ya vijana vinabeba mabomu. Mpaka kati ya mchezo na vita huvukwa kila siku, huku na huku.

Lakini neno uponyaji lilinitia shaka. Dawa haimiminwi mdomoni mwa mtu ambaye hajasema anaumwa. Niliporudi kwa bibi siku nyingine, bila simu, aliniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Anayekirusha anakuwa wapi?"

Nikamwambia anasimama chini, uwanjani, na lazima akione kwa macho muda wote.

"Kwa hiyo watu wanamwona?"

"Wanamwona, bibi. Ni mimi."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika na hilo moja. Wale wa zamani, alisema, hatukuwahi kuwaona nyuso.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba tofauti kati ya mchezo na silaha haiko kwenye ukubwa, wala kwenye sauti, wala hata kwenye bomu peke yake. Iko katika kama anayerusha anaweza kufuatwa. Mimi nikiharibu, nikiangusha jeti yenye mafuta kwenye majani makavu ya Julai na kuunguza shamba la mtu, nyumba ya mama yangu inajulikana. Rubani wa MiG alipita juu ya nyumba ambazo hatazijua, akarudi kwao. Kuwa mchezoni ni kukubali kubaki mahali ambapo uliowasumbua wanaweza kukufikia na kukuuliza. Ndiyo maana kibali cha serikali hakikunitosha. Sheria inataka chombo cha namna hii kipate ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na ya Wizara ya Ulinzi, na hilo ni sawa, anga ni la wote. Lakini karatasi ya Dar es Salaam au Dodoma haijui nani kitongojini husimamisha jembe ndege ikipita.

Kwetu mtu haingii kwa mwenzake bila hodi. Hata mlango ukiwa wazi, hata ukiwa umemwona mwenye nyumba ameketi, unasimama nje, unaita, unangoja. Sauti haina adabu hiyo. Inaingia chumbani, jikoni, kwenye usingizi wa mchana, hakuna aliyeikaribisha. Kwa hiyo anayeitoa ndiye anayepaswa kupiga hodi kwa niaba yake, mapema. Na hodi ina sharti ambalo tunalijua sote tangu utotoni: ukipiga mara tatu bila kuitikiwa, unaondoka. Hodi ya mtu ambaye ataingia hata asipokaribishwa ni kelele za mlangoni tu. Kumwomba mtu ruhusa huku umeshaamua ni kumpa taarifa kwa sauti ya upole.

Nilipiga hodi kwa siku kadhaa. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa wazee, kwa mwalimu, kwa vijana wa bodaboda. Wengi walikubali kwa furaha, na baadhi walitaka tarehe. Bibi naye alikubali. Maneno yake yalikuwa haya:

"We rusha tu, mwanangu. Niambie siku. Siku hiyo nitaondoka asubuhi, nikakae kwa binti yangu mpaka jioni."

Ukiandika daftari la kura, hiyo ni ndiyo. Alitabasamu aliposema, hakunilaumu, na nina hakika angeondoka kweli, akiwa na kikapu chake na kitenge, bila kumwambia mtu kwa nini. Ila nilipokuwa narudi nyumbani nilielewa nilichokuwa nimepewa. Mwanamke huyu aliwahi kutoka kwao kwa sababu ya ndege. Sasa alikuwa amejitolea, kwa ukarimu, kutoka tena kwa sababu ya ndege, ili mimi nicheze dakika kumi.

Ruhusa inayomtoa mwenye nyumba nyumbani mwake si ruhusa ninayoweza kuitumia. Nimeambiwa huku ni kuzidisha. Mtu mmoja dhidi ya kitongoji kizima, watoto mia wanakosa kitu ambacho huenda wasikione tena. Nimeipima hesabu hiyo na naona haipimwi kwa kuhesabu vichwa. Watoto wanakosa tamasha. Yeye angekosa kitu cha aina nyingine kabisa, imani kwamba sehemu moja duniani imetulia, na imani hiyo aliijenga upya kwa zaidi ya miaka arobaini. Tena hasara ya watoto ina njia ya kurekebishwa: jeti inaweza kuwekwa kwenye gari na kupelekwa mbali, ikapata kibali kwingine, na watoto wakaifuata kwa basi kama tunavyofuata mechi. Nyumba ya bibi haiwezi kupelekwa popote.

Kwa sasa nawafundisha wachache wao kurusha glaida ya povu yenye motokaa ndogo ya betri. Inalia kama nyuki. Bibi amewahi kusimama kando ya njia na kuitazama mpaka ikatua.

Lakini kuna neno moja nililoambiwa na ndugu yangu, na hilo ndilo lisilonitoka. Alisema, kwa nia njema tu: subiri, bibi ni mzee, uwanja utakuwa wako. Ni kweli kwa hesabu ya miaka. Na nikikubali kungoja kwa namna hiyo, basi sikuwahi kumheshimu yeye. Niliheshimu kizuizi, nikakaa chini kungoja kiondoke. Ningekuwa na jeti ndani ya sanduku na, chini yake, matumaini ambayo singeweza kuyataja mbele yake. Kwa hiyo nimeamua kwamba jambo hili lazima liishe akiwa hai. Nitatafuta uwanja mwingine, wenye kibali chake na watu wake wa kuwapigia hodi, na nitamwambia yeye mwenyewe kwamba Isingiro sitairusha, ama akiwepo ama asipokuwepo. Sijui atajibu nini. Huenda akaniuliza tena kama nimekula.